Mgawo wa Uganda katika maji ya Nile ni kiasi gani?

SWALI: Ninalima nyanya na kabichi kando ya Mto Sio, upande wa Busia ya Uganda, na ninamwagilia kwa pampu ya petroli. Redioni nimesikia kwamba Misri ina mgawo wa mita za ujazo bilioni 55.5 za maji ya Nile kila mwaka. Je, mgawo wa Uganda ni kiasi gani? Na sisi na majirani zetu wa Kenya, ambao mto huu unaanzia kwao, tugawane maji kwa kigezo gani ili asidhulumiwe mtu?

JIBU: Ndugu mkulima, hakuna mkataba wowote unaoitajia Uganda kiasi maalumu cha maji ya Nile. Takwimu uliyoisikia inatokana na makubaliano ya mwaka 1959 kati ya Misri na Sudan peke yao. Walichukua wastani wa maji yanayofika Aswan, kusini mwa Misri, kwa mwaka, yaani mita za ujazo bilioni 84, wakaipa Misri bilioni 55.5 na Sudan bilioni 18.5, na bilioni 10 zilizobaki wakazihesabu kuwa zitapotea kwa mvuke na kwa kuzama ardhini. Ukijumlisha utaona kwamba nchi nyingine 9 za bonde la Nile hazikuachiwa hata tone. Uganda haikuwa mezani, na kwa hiyo haijawahi kukubali kwamba makubaliano hayo yanaifunga.

Hata hivyo sishauri tudai na sisi tarakimu yetu. Mgawo wa kiasi kisichobadilika una kasoro ya kiufundi: mvua haibaki ile ile kila mwaka. Mwaka wa ukame, maji yaliyogawanywa kwenye karatasi hayapo mtoni, na kila nchi humlaumu jirani kwa maji ambayo mbingu haikuyaleta.

Pale Jinja, Nile inapotoka Ziwa Victoria, ipo kanuni ya namna nyingine. Bwawa la Owen Falls, ambalo sasa linaitwa Nalubaale, lilipofunguliwa mwaka 1954, Uingereza na Misri zilikuwa zimekubaliana kwamba maji yanayoachiliwa yalingane na yale ambayo yangepita yenyewe kama bwawa lisingekuwapo. Mtaalamu husoma kina cha ziwa kwenye kipimo cha Jinja, kisha hutazama mchoro uliokubaliwa ambao kwa kila kina huonyesha kiasi cha kuachilia. Ziwa likijaa, maji mengi hutoka. Likipungua, hutoka machache. Makubaliano hayo yalifanywa na mkoloni bila kutuuliza, lakini kanuni yenyewe ni nzuri, kwa sababu hupanda na kushuka pamoja na maji.

Kilichotokea kati ya 2003 na 2006 kinaonyesha gharama ya kuiacha. Ukame ulilikumba ziwa, na wakati huo huo maji yaliyopitishwa Jinja kwa ajili ya umeme yakazidi kiwango cha mchoro. Ziwa lilishuka kwa zaidi ya mita moja. Walioumia ni pamoja na wavuvi na watumiaji wa bandari za Kisumu na Mwanza, ambao wako upande wa juu wa bwawa, maji yanakotoka. Wengi hudhani kwamba dhuluma ya maji siku zote hutoka juu kwenda chini. Ziwa hili lilionyesha kwamba aliye chini naye anaweza kumwumiza aliye juu.

Kwa nchi za juu, msingi wa kisheria ulio bora leo ni mkataba wa ushirikiano wa Bonde la Nile, uliofunguliwa kutiwa saini Entebbe tarehe 14 Mei 2010 na kuanza kutumika tarehe 13 Oktoba 2024. Uganda ni mwanachama. Misri na Sudan zimeukataa, hivyo hauzifungi. Mkataba huo haugawi lita. Unataka matumizi yawe ya haki na ya busara, na kupima haki hiyo hutazamwa hali ya hewa, idadi ya watu wanaoutegemea mto, matumizi yaliyopo na yanayotarajiwa, na pia mchango wa kila nchi katika maji yenyewe.

Sasa nije kwenye Mto Sio. Maji yake huingia Ziwa Victoria, na Uganda na Kenya zote ni wanachama wa itifaki ya mwaka 2003 ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuhusu bonde la ziwa hilo, ambayo nayo inadai matumizi ya haki. Kigezo ninachokipendekeza ni kutofautisha maji yanayochotwa na maji yanayotumika kabisa. Tuseme pampu yako inavuta lita 100, na lita 40 zinarudi mtoni kupitia mfereji wako. Jirani aliye chini umempunguzia lita 60, si 100. Mtambo wa umeme hurudisha karibu maji yote, ila unaweza kubadilisha saa au msimu wa kuyafikisha, na hilo pia lina madhara yake. Kwa hiyo mnapokaa na wenzenu wa Kenya, jadilianeni kuhusu maji yasiyorudi, na zaidi kuhusu miezi ya kiangazi, kwa kuwa wakati wa masika mto huwa unatosha wote.

Kabla ya mazungumzo hayo, wekeni ubao wa kipimo wenye alama za sentimita mahali ambapo kingo ni imara, na mtu mmoja wa kila upande ausome kila asubuhi na kuandika kwenye daftari. Kisha kubalianeni kina ambacho kikifikiwa, pampu za pande zote mbili zitapeana zamu, na kina cha chini zaidi ambacho kikifikiwa zitazimwa zote, maji yabaki kwa kunywa, kwa mifugo na kwa mto wenyewe. Kumbuka pia kwamba pampu ya mota huhitaji kibali cha serikali cha kuchota maji, na idara ya maji itawasikiliza kwa uzito zaidi mkiwa na kibali pamoja na daftari lenye vipimo vya angalau kiangazi kimoja kizima.