Je, korongo mwenye mdomo wa kiatu yupo Bahi?

SWALI: Mhariri, mimi ni mwalimu mstaafu hapa Dodoma. Je, nikienda kwenye ardhioevu ya Bahi nitamwona yule korongo mkubwa wa kijivu mwenye mdomo kama kiatu?

JIBU: Shikamoo, mwalimu. Bahi hutamwona, kwa kuwa ndege huyo hukaa kwenye vinamasi vya mafunjo visivyokauka, ilhali maji ya Bahi, yanayoletwa hasa na Mto Bubu, hujaa na kupwa kufuatana na mvua. Hapa nchini makao yake ni Malagarasi-Muyovozi, ardhioevu yetu ya kwanza kuingizwa katika orodha ya Ramsar, yaani ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, mwaka 2000. Lakini kule kufika ni kazi, na wengi huona heri waende Bangweulu, Zambia, ambako wenyeji huwaongoza wageni kwa mitumbwi. Mwezi Mei hadi Julai unafaa. Uwe na subira tu, maana ndege huyu, ambaye kimo chake hupita mita moja, husimama tuli muda mrefu akimvizia kamongo au kambare, hata mgeni akadhani ameonyeshwa sanamu. Bahi nayo usiidharau: mvua zikiwa njema, chukua darubini ukawatazame ndege wengine wa majini, alfajiri kabla jua halijawa kali.