Wanafunzi, mashua na mvua ya Dunga

Mwalimu, umeuliza kama uwapeleke wanafunzi wako wa chuo ufukwe wa Dunga, kando ya Ziwa Victoria, Kisumu, mwezi huu wa Aprili, nayo mvua haitabiriki. Wapeleke, ila kazi ya mashua iishe asubuhi. Radi na dhoruba hupenda alasiri. Mwaka jana upepo ulitugeukia kwenye mafunjo, gugumaji, lile gugu linaloelea ziwani, likaziba njia nyuma yetu. Nahodha alisukuma kwa upondo karibu saa nzima, wasichana wawili wakitetemeka. Siku hizi hatung'oi nanga kabla sijavuta kwa mkono wangu kamba za kila jaketi la kuokoa maisha. Wavuvi wakikataa kutoka, nanyi msitoke. Ngurumo ikisikika, kimbilieni garini, si chini ya mti. Waliokanyaga maji wapimwe kichocho hospitalini wiki kadhaa baadaye, hata wasipoumwa.