Kwa kijana wa makachu aliyeuliza: stanti anaweza kuwa dairekta wa TV?

Asalaam alaykum wana jukwaa. Jana kuna kijana kauliza hapa, yeye anaruka makachu, yaani kujirusha baharini kutoka ukutani, pale Forodhani, watalii wanamrekodi, sasa anataka kujua kama anaweza kuwa stanti wa filamu, yule anayefanya zile hatari badala ya mwigizaji, na kama ni kweli kuna mastanti waliokuja kuwa madairekta wa TV au ni stori za baraza tu. Nimeona wengi walomjibu wanamcheka. Mie njia hiyo nimeipita, siyo mtu mkubwa wa kutajwa, lakini nimeipita, kwahivyo niacheni niandike na mtanisamehe nikirefusha.

Kwanza yakhe, wapo. Hal Needham wa Marekani kaanguka na mafarasi na magari miaka na miaka, filamu yake ya kwanza kuiongoza ikatoka 1977 na ikauza ile mbaya. Chad Stahelski ndiye alokuwa akifanya zile hatari badala ya Keanu Reeves kwenye The Matrix ya 1999, na tangu 2014 ni dairekta, tena siyo wa kubahatisha. Ila hao wa sinema. Wa TV hasa mtafute Koichi Sakamoto, Mjapani, alianza kwa kuruka na kupigana huko Marekani, akaja kuongoza episodi kibao za Power Rangers, ile ya mashujaa wa rangi rangi, mpaka akawa prodyuza mkuu, halafu akarudi kwao Japani akaendelea na mashujaa wa TV wa kule. Sisi tuliokuwa tunafunga kanga ya bibi usoni tukigombania nani awe mwekundu hatukujua kama yale mateke yanapangwa na mtu aliyewahi kupigwa mwenyewe.

Na hawajaamka tu asubuhi wakapewa kiti. Filamu kubwa zina yuniti ya pili, yaani kundi jengine la kamera linaloshuti magari, mianguko, mapigano, wakati dairekta mkubwa yuko kwengine na mastaa wake. Mara nyingi anayeisimamia hiyo yuniti ni koodineta wa mastanti, yule anayepanga hatari zote na kuwasimamia. Sasa mtu huyo anachagua lenzi, anasema kata, anasema tena, miaka kumi hivyo, siku moja wenye pesa wanagundua kumbe jamaa ni dairekta siku nyingi, ni jina tu hana.

Sasa mie. Nimezaliwa Pemba, upande wa Chake, na mwalimu wangu wa kwanza ni mchezo wa ng'ombe. Wa Unguja mtaona ushamba, shauri yenu. Mjomba wangu alikuwa anaingia uwanjani na kitambaa, na neno alonambia sijalisahau, kwamba usitizame pembe, pembe zinakuja mwisho, tizama bega, ng'ombe akitaka kugeuka bega linaanza. Nlikuwa mdogo nikadhani ananifunza kukimbia.

Nilipomaliza skuli nikavuka Unguja, kazi hakuna, nikaangukia makachu kama wewe. Siku moja wakaja wageni wanashuti tangazo wakataka mtu wa kuanguka kutoka kwenye mlingoti wa jahazi. Nikaanguka mara sita. Pesa niliyopata sijawahi kuishika kabla yake, basi nikajiona nimefika. Baada ya hapo nikaenda Bara, nikaingia kikundi cha mapigano, filamu za Dar, kupigwa meza, kutupwa dirishani, na ujanja wa mapigano nimeupata kule. Ngumi ya filamu haimgusi mtu, inapita mbele ya uso, kamera inakaa sehemu ambayo ule uwazi kati ya ngumi na shavu hauonekani, anayepigwa ndiye anayeiuza kwa shingo na mlio unatiwa baadae. Kamera ikisogea hatua mbili pembeni tu, mnaonekana mnapunga nzi.

Iliyonigeuza ni siku nilovunjika. Tulikuwa Mji Mkongwe, naanguka kutoka dari ya nyumba kuja uani kwenye maboksi. Maboksi ndiyo godoro letu sisi tusio na mfuko wa hewa, unayapanga matupu, safu juu ya safu, unafunga kamba pembeni, juu unatandika godoro, yakipondeka yanakula ule uzito wako. Ila lazima yawe matupu na yawe mengi. Waliotuajiri (siwataji) wakaona mengi ni gharama, wakapunguza safu bila kunambia, na mie kwa ujinga sikushuka kuhesabu. Nimepita safu zote nikakutana na sakafu. Mtulinga ukavunjika.

Kilichoniuma zaidi nimekiona nilipokwenda kutizama ile shoti na mkono ukiwa shingoni. Kamera ilikuwa juu darini inatizama chini! Ukitizama kutoka juu kimo kinakufa, hakuna urefu, hakuna kitu. Nimevunjika mfupa kwa shoti inayoonekana kama mtu kaangusha gunia la mchele. Ingewekwa chini uani, inatizama juu, ningeweza kuanguka nusu ya kimo kile na watu wakashika vichwa. Hapo ndipo nilipokasirika, na nadhani udairekta wangu umeanzia kwenye zile hasira.

Mkono umefungwa siwezi kuruka, nikaomba nikae karibu na monita niandike mwendelezo, yaani nani kashika kikombe mkono gani, kilemba kimekaaje. Kazi ya kuchosha na malipo yake utacheka, lakini nakwambia ndiyo skuli niliyosoma. Nikipona nikaanza kushuti mazoezi ya mapigano kwa simu, nayakata mwenyewe, napeleka kwa dairekta, hivi ndivyo itakavyokuwa. Baadae nimejua kumbe hata Stahelski na mwenzake David Leitch walikuwa wanafanya hivyo hivyo, wanarekodi mazoezi wanayaediti kabla siku ya kushuti haijafika. Mara wananiita nipange ugomvi kwenye tamthilia, mara nipange na kamera, mara dairekta anaumwa, shika episodi hii.

Na hapo ndipo nilipoaibika. Sini ya kwanza ya maneno, mama na binti jikoni, binti karudi kwao kaachwa. Mie bado nina miguu ya mapigano, nikamwambia mama ainuke aende dirishani, arudi, ashike mlango, kamera inamfuata. Yule mama ni mwigizaji wa siku nyingi, tangu michezo ya redio, akanitizama akasema, "Baba, mie hapa nakuna nazi, sigombani na mtu. Niache nikae juu ya mbuzi yangu."

Wallahi niliona haya. Nikamwacha akae. Binti akaingia, akasema lake, na yule mama mkono unakuna, unakuna, krrr krrr, halafu ukasita. Kabla hajainua uso, kabla hajasema kitu, bega limetulia na mlio wa mbuzi umekatika. Nikamkumbuka mjomba pale pale. Nikamwambia kameramani ahame usoni, ashuke kwenye mkono. Sini ile haina kofi hata moja na mpaka leo watu wananiuliza habari zake.

Kwahivyo kijana, kuruka kwako kwenyewe hakutokufanya dairekta. Kujua jicho la mtu liko wapi wakati unaruka, hiyo ndiyo mali. Na usidhani dairekta wa TV ni mfalme, Marekani dairekta wa tamthilia anakodiwa kwa episodi, bosi ni mwandishi, na huku kwetu bosi ni mwenye jenereta. Heshima nayo inakuja polepole, Emmy, zile tuzo za TV za Marekani, wamewakumbuka makoodineta wa mastanti 2002, Oscar, za filamu, ndiyo kwanza wametangaza 2025 kwamba tuzo ya stanti itatolewa 2028. TV iliwahi. Na sisi Visiwani TV tunayo tangu miaka ya 70, tena ya rangi, Bara wamesubiri mpaka 1994, haya msinipige.

Cha kufanya wiki hii: jioni usiruke. Kaa na simu, mshuti mwenzako makachu yale yale mara tatu, moja ukiwa juu ukutani, moja chini kwenye mchanga maji yakitoka, moja usimtizame yeye kabisa, tizama nyuso za wanaomtizama. Kata iwe sekunde 20 uilete hapa kwenye uzi. Na ukiangusha simu ya mtu majini, mie hunijui.