Geji ya RPM inasoma nusu: anza na idadi ya silinda

Ndugu, injini yako ya silinda 4 inazunguka mara 900 kwa dakika (ndiyo RPM) bila kukanyaga mafuta, lakini geji mpya inaonyesha 450 na mshale unarukaruka. Geji haijafa. Yenyewe haioni mzunguko, inahesabu mapigo ya umeme. Injini ya silinda 4 yenye koili moja (kifaa kinachozalisha umeme wa cheche) hutoa cheche 2 kila mzunguko, yaani mapigo 1,800 kwa dakika. Geji iliyowekwa silinda 8 husubiri mapigo 4 kwa mzunguko, ndiyo maana inakupa nusu kamili.

Zima gari, tafuta swichi nyuma ya geji, weka 4.

Kama kila plagi ina koili yake, usichukue ishara kwenye koili moja, utapata robo tu. Tafuta waya wa RPM unaotoka kwenye kompyuta ya injini. Huo usiupime kwa taa ya majaribio, inavuta mkondo mwingi na inaweza kuunguza kompyuta. Ukikosa mchoro wa nyaya, mpe fundi umeme wa magari.

Mshale ukiendelea kuruka, kaza ethi (waya wa geji unaofungwa kwenye bodi ya gari), kisha tenga waya wa ishara na nyaya za plagi. Injini ikiwaka usiguse ncha hasi ya koili: hurusha volti zaidi ya 200.