Jibu: Thornton-Pickard ya babu, mvukuto una vitundu na kioo kimepasuka

Mkuu, nimekusoma, na usiikatie tamaa hiyo kamera ya zamani ya mbao ya babu yako, mvukuto wenye vitundu na kioo kilichopasuka ulivyovitaja vyote vinatengenezeka. Ila msasa na vanishi mpya weka kando kabisa! Mbao futa vumbi tu kisha paka nta kidogo, shaba iache na rangi yake ya kizee.

Anza na mvukuto, ile sehemu ya mikunjo kati ya lenzi na nyuma ya kamera. Ingia chumba cha giza, weka tochi ndani, uvute wote uone mwanga unatokea wapi, mara nyingi ni kwenye kona za mikunjo. Vitundu vidogo ziba kwa rangi nyeusi ya kitambaa uliyochanganya na gundi nyeupe, tabaka jembamba jembamba, na uache ikauke mvukuto ukiwa wazi maana ukiukunja mapema utagandana. Ngozi ikichanika vipande ukiigusa, hapo mpelekee fundi, usijaribu.

Kioo cha ukungu, kile cha nyuma unachotazamia picha, kipya unaweza kukisaga mwenyewe kwa unga wa silikoni kabaidi na maji (vaa barakoa, vumbi lake baya), upande uliosagwa utazame lenzi la sivyo fokasi itakudanganya.

Filamu za saizi ya kamera hiyo ghali, we anza na karatasi ya picha ya nyeusi na nyeupe, uiweke mahali pa filamu, hesabu kama ISO 6 hivi (yaani inahisi mwanga polepole), unaikata chini ya taa nyekundu. Kivulini kwa f/32 (tundu la lenzi likiwa dogo) ni sekunde kadhaa za kuingiza mwanga, kwa hiyo hata shata ya pazia, kile kitambaa cha kuruhusu na kuzuia mwanga, ikiwa imeoza unafungua na kufunga kwa kifuniko cha lenzi. Ukishika dawa za kusafishia picha, vaa glavu na hakikisha hewa inapita.