Maswali ya Wasomaji: Faktire Ileile, Konti Nyingine

*Nimeagiza karo (vigae) Foshan, China, konteneri tatu, dola 26,000. Nilitanguliza 30%. Sasa mzigo uko tayari na muuzaji ameniandikia imeli: konti yao iko kwenye ukaguzi, dola 18,200 zilizobaki nizitume kwenye konti nyingine. Anwani ni yake ya siku zote, na chini kuna mazungumzo yetu yote. Nilipe? — Mama wa duka la vifaa vya ujenzi, Kampemba, Lubumbashi*

Mama, usilipe kwanza. "Konti iko kwenye ukaguzi" ni kisingizio cha zamani, na anwani kuwa yenyewe hakuthibitishi kitu. Mwizi wa aina hii hupenda kuiba neno la siri la muuzaji, au lako, akaingia ndani ya sanduku la imeli na kukaa kimya wiki nzima anasoma. Anajua bei, anajua meli, anajua salio linalipwa lini. Nakala ya BL (hati ya mzigo wa meli, ambayo bila hiyo hutoi mzigo) ikitumwa tu, anachukua faktire ya kweli na kubadilisha mistari mitatu: banki, jina la mwenye konti, numero. Muhuri mwekundu wa kampuni unabaki palepale, kwa hiyo nao si ushahidi.

Weka proforma ya kwanza (faktire ya awali, ya kabla ya kulipa) na faktire mpya pamoja mezani. Tazama sehemu ya banki peke yake: mara nyingine maandishi yake ni membamba kidogo au hayakukaa sawa na mistari ya juu. Kisha soma kodi ya SWIFT, yaani alama ya kuitambulisha banki duniani. Ina herufi na tarakimu 8 au 11, na herufi ya tano na ya sita ni nchi. Chukua BKCHCNBJ, ya Bank of China: hapo unaona CN. Ukikuta GB, pesa inakwenda Uingereza, PL, Poland. China haitumii IBAN (numero ndefu ya konti inayoanza na herufi mbili za nchi), basi mtu wa Foshan akikupa IBAN, uliza pesa yako inakwenda nchi gani. HK ndiyo inayosumbua, kwa sababu makampuni mengi ya China yana konti halali Hong Kong. Huko angalia jina: je, ni kampuni uliyosaini nayo, au ni kampuni nyingine, au mtu binafsi? Na usitegemee kwamba banki itakamata jina lisilolingana. Katika nchi nyingi banki inayopokea hufuata numero.

Anwani nayo uisome herufi kwa herufi. Simu huonyesha jina tu. Bonyeza jina mpaka anwani yenyewe itokee. Neno *marble* likiandikwa *rnarble*, r na n zimekaa pamoja kama m, na jicho lililochoka halioni. Bonyeza pia "jibu" uone jibu lako linakwenda anwani ipi, kwa sababu inaweza kuwa tofauti na ile iliyotuma.

Hayo yote yanaweza kukuonyesha wizi, lakini yakionekana sawa bado hujapata ruhusa ya kulipa. Ruhusa inatoka kwenye sauti. Piga numero uliyokuwa nayo kabla ya ugomvi huu: ya kwenye proforma ya kwanza, ya kadi aliyokupa, au WeChat mliyozoea. Numero iliyo chini ya imeli mpya usiiguse, huenda ni ya mwizi. China iko mbele ya Lubumbashi kwa saa sita: ukipiga saa tatu asubuhi, kwao ni saa tisa alasiri, wako ofisini. Ukingoja mchana, wameshafunga. Mwambie yeye akusomee numero ya konti, wewe ukifuata kwenye karatasi. Usimsomee wewe, maana mtu mwenye haraka atasema "ndiyo, ndiyo". Siku hizi sauti nayo inaigwa kwa kompyuta, kwa hiyo piga ya video, na uliza jambo ambalo halijaandikwa kwenye imeli hata moja.

Wako wanaotuma dola 50 za kujaribu. Si vibaya, ila jibu la "tumepokea" lisije kwa imeli. Mwizi naye atakujibu kwamba amepokea, na hatakuwa amesema uongo.

*Nilituma dola 9,400 juzi, leo nimejua konti si ya muuzaji. — Muuza vipuri, komini ya Kenya*

Kwako jibu hili limechelewa, liwafae wengine. Hapa kinachohesabiwa ni masaa. Nenda banki mwenyewe, usipige simu, na uombe kuonana na watu wa malipo ya nje. Dola hupita kwanza kwenye banki mwenzi ya ng'ambo, kwa hiyo pesa inaweza kuwa bado njiani. Waombe nakala ya ujumbe wa SWIFT na UETR, numero ya kufuatilia yenye alama 36. Kisha watume ujumbe wa kurudisha pesa. Kwa miaka walikuwa wakiuita MT192, sasa ni camt.056. Sababu iandikwe FRAD, yaani ulaghai. Wakiandika tu kwamba mteja amekosea, ombi linaweza kukaa kwenye foleni.

Banki ya kule ikishaweka pesa kwenye konti, mara nyingi haitairudisha bila idhini ya mwenye konti au amri ya polisi wa huko. Kwa hiyo mwambie muuzaji ashtaki kwao siku hiyohiyo, na wewe upate PV (hati ya mashtaka ya polisi) hapa kwetu.

Imeli usizifute. Badilisha neno la siri kwa kutumia mashine nyingine, weka uthibitisho wa hatua mbili, halafu fungua Gmail kwenye kompyuta (kwenye simu sehemu hizi hazionekani): *Paramètres*, kisha *Filtres et adresses bloquées*, kisha *Transfert et POP/IMAP*. Hapo ndipo mwizi huacha amri ya kumpelekea nakala, au ya kuficha kila barua yenye jina la muuzaji. Usipoifuta, kubadilisha neno la siri hakutoshi.

*Crédit documentaire si ingemaliza shida hii? — Msomaji wa Katuba*

Ingepunguza, kwa sababu banki ndiyo humlipa muuzaji, ikiona hati zinazotakiwa, na malipo hupitia banki kwa banki. Lakini ina gharama, na viwanda vingi huikataa kwa mzigo mdogo. Na haikulindi na karo mbovu: banki inasoma karatasi, haifungui konteneri.

*Muuzaji anasema hajalipwa na hatoi BL. Nilipe mara ya pili? — Msomaji, Ruashi*

Usikubali wala usikatae kabla ya kujua sanduku la nani liliingiliwa. Kila upande utoe imeli zake za asili, si picha za skrini. Kama aliyeingiliwa ni yeye, una nguvu ya kudai mgawane hasara. Zungumzeni upesi, mzigo ukiwa bado baharini: ukishafika Dar es Salaam, gharama za bandari na za konteneri zinaanza kula, na anayebanwa ni wewe. Kwa agizo lijalo, andika kwenye proforma yenyewe, kabla ya kulipa 30%: "Konti ni hii tu. Badiliko lolote halina nguvu mpaka lithibitishwe kwa video na mtu huyu, kwa numero hii."