Maswali na Majibu: Kusasisha Blogu Iliyo Kwenye Seva ya Zamani

SWALI: Blogu yangu inaendeshwa na WordPress 4.9. Kila nikijaribu kuisasisha naambiwa kwamba toleo jipya linahitaji PHP 7.2.24 au zaidi, ilhali seva yangu ina 5.6.40. Niliingia kwenye paneli ya kampuni inayonihifadhia tovuti, nikachagua PHP 8.2, na papo hapo blogu nzima ikawa ukurasa mweupe. Nimerudisha 5.6. Je, nihamie kampuni nyingine?

JIBU: Usihame kwanza. Kampuni inayokuruhusu kuchagua kati ya PHP 5.6 na 8.2 haina kosa. Kilichokosewa ni mfuatano wa hatua. WordPress imeandikwa kwa lugha ya PHP, na toleo lako la 4.9 lilitoka mwaka 2017, yaani miaka mitatu kabla ya PHP 8.0, ambayo iliondoa kabisa baadhi ya amri zilizokuwa zikitumiwa kila siku. Programu ikiita amri isiyokuwepo tena, husimama palepale, na msomaji huona weupe mtupu.

Kabla ya kugusa chochote, chukua nakala ya akiba, tena kwa ukamilifu wake. Wengi hupakua folda ya wp-content na faili ya wp-config.php wakadhani wamemaliza, kumbe humo mna picha, mandhari (faili za mwonekano wa blogu) na programu-jalizi (plugin, yaani programu ndogo za kuiongezea blogu uwezo) tu. Makala zenyewe pamoja na maoni ya wasomaji zimo kwenye hifadhidata, ambayo lazima uitoe peke yake kupitia phpMyAdmin au chombo kingine kilichomo kwenye paneli. Ifungue nakala hiyo uhakikishe kwamba si faili tupu.

Baada ya hapo utahitaji daraja, nalo ni WordPress 6.2 ya Machi 2023, toleo la mwisho kukubali PHP 5.6, ambalo pia linafanya kazi vizuri kwenye 7.4. Lipakue kutoka hazina ya matoleo ya zamani ya wordpress.org, ubadilishe folda za wp-admin na wp-includes pamoja na faili za nje ya folda, lakini wp-content na wp-config.php usiziguse. Ukiingia kwenye dashibodi utaombwa kusasisha hifadhidata; kubali. Sasisha pia programu-jalizi na mandhari, kisha pandisha PHP hadi 7.4, sasisha WordPress hadi toleo jipya, na mwisho kabisa uende PHP 8. Usipige kambi kwenye 7.4, kwa kuwa ilikoma kupata marekebisho ya usalama Novemba 2022.

Weupe ukirudi, andika WP_DEBUG na WP_DEBUG_LOG kuwa true ndani ya wp-config.php, kisha usome faili ya debug.log iliyo ndani ya wp-content. Ukikuta mstari unaolalamikia create_function, mojawapo ya amri zilizoondolewa kwenye PHP 8.0, angalia njia ya faili iliyotajwa mwishoni mwake: mara nyingi itakupeleka moja kwa moja kwenye programu-jalizi ambayo mtengenezaji wake aliitelekeza zamani. Badilisha jina la folda yake na blogu itafunguka. Binafsi ningeifuta na kutafuta mbadala, hata kama umeizoea.

Ukigundua kwamba kampuni yako haina PHP yoyote zaidi ya 7.4, hapo ndipo uhame.

SWALI: Nilifunga kivinjari wakati usasishaji ukiendelea, na sasa blogu inasema iko kwenye matengenezo. Nifanyeje?

JIBU: Futa faili iitwayo .maintenance iliyo kwenye folda kuu. Jina lake linaanza na nukta, kwa hiyo ruhusu kidhibiti faili kionyeshe faili zilizofichwa. Hata usipoifuta, WordPress huacha kuijali baada ya dakika 10, lakini huenda sasa una faili nusu za toleo la zamani na nusu za jipya, hivyo rudia usasishaji tangu mwanzo.